Kofia ya Kila Seli: Historia ya Ngozi na Jua, Kutoka Nduguti

Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri husimama wima juu ya Nduguti. Mji huu, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, uko nyuzi nne na ushei kusini mwa ikweta, kwenye nchi iliyoinuka zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Kila mita 1,000 za mwinuko huongeza mionzi ya urujuanimno kwa asilimia 10 hivi. Mkulima wa alizeti anayemaliza palizi chini ya jua hilo huwa ameiva. Shingo imekoza, mgongo wa mkono umekoza, lakini upande wa ndani wa mkono huohuo, na pale inapofungwa saa, hubaki na rangi aliyozaliwa nayo.

Tofauti hiyo ya rangi katika mkono mmoja ina historia ndefu kuliko ukoo wowote na lugha yoyote. Sehemu kubwa ya historia hiyo ilipita katika nchi hizi za Bonde la Ufa, na sehemu nyingine ilifumbuliwa na watafiti waliokuja kupima mikono ya watu wa Tanzania. Inafaa isimuliwe hapa, kwa sababu bado wapo wanaoona weusi kuwa kasoro ya kusuguliwa, na wapo wanaozaliwa bila rangi hiyo na kufa mapema kwa kukosa kofia na mafuta ya kupaka.

Tuanze na nyayo. Kaskazini mwa Mkalama, ng'ambo ya Ziwa Eyasi, kuna Laetoli, ambako mwaka 1978 kundi la Mary Leakey lilifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka takriban milioni 3.6 iliyopita. Wataalamu wengi wanaamini kwamba viumbe hao bado walikuwa na manyoya mwilini, na kwamba chini ya manyoya ngozi yao ilikuwa nyeupe, kama ilivyo kwa sokwe wa Gombe hadi leo. Mwenye manyoya hahitaji rangi kwenye ngozi, kwa kuwa manyoya yanatosha kumkinga na jua.

Mambo yaligeuka wazee wetu walipozoea kutembea na kukimbia mwendo mrefu mbugani. Mwili unaokimbia juani hupata joto kali, na jasho huupoza vizuri zaidi pale ngozi inapokuwa wazi. Mwaka 1984, magharibi mwa Ziwa Turkana, Mkenya Kamoya Kimeu aligundua mabaki ya kijana wa Nariokotome, aliyeishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Mifupa yake inaonyesha miguu mirefu na umbo jembamba la mtu wa nchi ya joto, mtembezi wa kweli. Lakini manyoya yalipopungua, ngozi ilibaki uchi mbele ya jua la ikweta, na hapo kinga mpya ikahitajika.

Kinga hiyo ilikamilika lini? Mwaka 2004 Alan Rogers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah walichunguza jeni iitwayo MC1R, ambayo husimamia aina ya rangi inayotengenezwa na ngozi. Waliona kwamba kwa Waafrika jeni hiyo imebaki karibu vilevile, kwa sababu aliyezaliwa na badiliko la kuidhoofisha hakuacha watoto wengi chini ya jua hili. Kwa hesabu zao, aina ya jeni inayoleta ngozi nyeusi ilikuwa imeshaenea kwa wote angalau miaka milioni 1.2 iliyopita. Weusi, basi, ni wa zamani kuliko binadamu wa sasa, ambaye ana miaka kama 300,000 tu. Wanadamu wote wa leo wametokana na watu weusi.

Jamii za kale ziliona uhusiano wa jua na rangi bila kujua sababu yake. Katika karne ya 9 huko Basra, mwandishi al-Jahiz alitunga kitabu cha kuwatetea watu weusi, wakiwemo Wazanji wa pwani yetu, akisema kwamba rangi yao imetokana na nchi yao, wala si adhabu ya Mungu. Ibn Khaldun naye, katika utangulizi wa historia yake alioukamilisha mwaka 1377, aliikataa hadithi ya kwamba weusi ni laana iliyompata Hamu, mwana wa Nuhu, akaeleza kwamba weusi unatokana na joto la nchi. Wote wawili walielekeza kidole angani. Walichokosa ni kujua kwamba joto halikuwa mhusika.

Hilo lilianza kujulikana kupitia mikono ya daktari mmoja wa London. Everard Home alisumbuliwa na fumbo ambalo hata leo humjia mtu akilini: kitu cheusi hupata joto zaidi juani kuliko cheupe, sasa iweje watu wa nchi za jua kali wawe weusi? Katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1821, aliweka migongo ya mikono yake juani, mmoja ukiwa wazi na mwingine ukifunikwa kitambaa cheusi. Mkono uliofunikwa ulipata joto zaidi, lakini haukudhurika. Ule uliokuwa wazi, ingawa joto lake lilikuwa dogo, ulitoka malengelenge. Home akaona kwamba kuna kitu ndani ya mwanga wa jua kinachochoma ngozi ambacho si joto, na kwamba weusi hukizuia.

Kitu hicho kilikuwa kimeshagunduliwa miaka 20 nyuma. Mwaka 1801 Johann Ritter, huko Jena, aliona kwamba chumvi ya fedha iligeuka nyeusi haraka zaidi ilipowekwa nje ya ukingo wa rangi ya urujuani, mahali ambapo jicho halioni mwanga wowote. Ndiyo mionzi tunayoiita urujuanimno. Mwishoni mwa karne hiyo, Niels Finsen, daktari aliyezaliwa Visiwa vya Faroe na kufanya kazi Copenhagen, aliunganisha mambo hayo mawili. Alijichora mkanda wa wino mweusi mkononi, akakaa juani kwa saa tatu. Ngozi ya pembeni iliiva na kuwa nyekundu, kisha siku zilizofuata ikawa ya kahawia. Chini ya wino ilibaki nyeupe. Aliporudi juani bila wino, ule mkanda mweupe ndio ulioungua, na sehemu iliyokwisha kuiva ikazidi kukoza tu. Kwa jaribio hilo ilionekana wazi kwamba ngozi hujifunza kutokana na jua la jana ili ihimili jua la kesho. Mwaka 1903 Finsen alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kutibu kwa mwanga.

Katika miaka hiyohiyo Wajerumani walikuwa wameshaweka boma Mkalama. Mwaka 1911 mwanajiografia Erich Obst alitokea hapo kwenda katika nchi ya Wahadzabe, aliowaita Wakindiga, na maelezo ya safari yake yakachapishwa Hamburg mwaka 1912. Ulikuwa wakati ambao wataalamu wa Ulaya walizunguka makoloni wakipima watu vichwa, pua na rangi. Felix von Luschan wa Berlin alitengeneza vigae 36 vya kioo, kuanzia cheupe hadi cheusi kabisa, vya kulinganisha na ngozi ya mtu. Vigae vyenyewe havikuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa katika matumizi yake, pale namba za vigae zilipogeuzwa ngazi ya utu, huyu akawekwa juu na yule chini. Wakati huohuo wapimaji hao walivaa kofia nzito, wakiogopa kwamba jua la tropiki lingewavuruga ubongo. Mwaka 1905 daktari wa jeshi la Marekani, Charles Woodruff, aliandika kitabu kizima kuhusu madhara ya mwanga wa nchi hizi kwa watu weupe. Rangi waliyoidharau ndiyo kinga waliyoikosa.

Namna ngozi inavyofanya kazi hiyo ilifahamika kidogokidogo katika karne ya 20. Mwaka 1917 Bruno Bloch, wa Uswisi, alionyesha kwamba zipo seli maalumu za ngozi zenye uwezo wa kutengeneza rangi. Mwaka 1950 Aaron Lerner na Thomas Fitzpatrick waliandika jinsi kimeng'enya kiitwacho tairosinasi kinavyoanzisha kazi hiyo, kwa kuibadilisha asidi-amino moja ya kawaida kuwa melanini. Kisha mwaka 1969 George Szabó na wenzake wakaeleza jambo ambalo lingepaswa kufundishwa katika kila shule. Idadi ya seli za rangi haitofautiani sana kati ya Mwafrika na Mzungu. Tofauti iko kwenye chembe za melanini zinazotengenezwa na seli hizo. Katika ngozi nyeusi chembe ni kubwa, nyingi, na kila moja hukaa peke yake. Katika ngozi nyeupe ni ndogo na hukaa mafungumafungu.

Seli ya rangi haibaki na mali yake. Ina vidole virefu vinavyopenya kati ya seli za jirani, na kupitia vidole hivyo huzigawia chembe za melanini seli kati ya 30 na 40. Seli inayopokea huzipanga chembe hizo juu ya kiini chake, upande unaoelekea jua, kama kofia ya pama juu ya kichwa cha mkulima. Ndani ya kiini ndimo vinasaba vilimo, na vinasaba ndivyo mionzi inavyoviharibu. Vipimo vilivyochapishwa na Kays Kaidbey na wenzake mwaka 1979 vilionyesha kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi hupitisha asilimia 7.4 tu ya mionzi mikali ya urujuanimno, na la ngozi nyeupe hupitisha asilimia 24.

Lakini ngozi hujuaje kwamba inahitaji kofia zaidi? Jibu lilianza kupatikana mwaka 1994, wakati kundi la Barbara Gilchrest huko Boston lilipopaka vipande vidogo vya vinasaba kwenye ngozi ya simbilisi. Wanyama hao walikoza rangi bila kupigwa na jua. Mwaka 2007 kundi la David Fisher, katika mji huohuo, likaonyesha mlolongo wenyewe. Mionzi inapovunja vinasaba vya seli ya juu, protini iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kulinda mwili usipate saratani, huamka na kuamuru itengenezwe homoni ya kupeleka habari. Homoni hiyo huigonga seli ya rangi kupitia mlango wa MC1R, jeni ileile aliyoichunguza Rogers. Seli ya rangi huanza kazi, na baada ya siku mbili au tatu melanini mpya imefika juu. Panya walionyimwa p53 hawakuiva kama kawaida. Kuna pia kukoza kwa haraka, ndani ya dakika, pale mionzi inapoigeuza melanini iliyokuwepo, lakini huko hakuongezi kinga.

Basi kuiva kwa jua ni jibu la jeraha. Mgeni mweupe anayelala ufukweni Zanzibar ili arudi kwao na rangi, anaipata rangi hiyo baada ya vinasaba vyake kuumizwa, na kinga anayoipata ni ndogo, kama ile ya mafuta hafifu ya kujikinga na jua. Mkulima wa Nduguti naye huiva, kwa njia hiyohiyo, ila yeye anaanza akiwa na kofia kichwani.

Swali la kwa nini limebishaniwa kwa muda mrefu zaidi. Saratani ya ngozi peke yake haitoshi kuwa sababu, maana mara nyingi humpata mtu akiwa ameshazaa. Mwaka 1967 William Loomis alidai kwamba siri iko kwenye vitamini D, inayotengenezwa na ngozi kwa msaada wa jua: watu wa kaskazini walipoteza rangi ili waweze kuipata, na watu wa ikweta wakabaki weusi ili isizidi. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo imesimama. Nusu ya pili imeanguka, kwa sababu jua lenyewe huvunja vitamini inayozidi. Mwaka 1978 Richard Branda na John Eaton walipendekeza sababu nyingine: mwanga mkali huharibu foleti, vitamini ambayo mama asipokuwa nayo ya kutosha mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Mwaka 2000 Nina Jablonski na George Chaplin waliyaunganisha hayo mawili. Ngozi, walisema, iko katikati ya madai mawili: kulinda foleti isiungue, na kuruhusu mwanga wa kutosha kutengeneza vitamini D. Kwenye ikweta dai la kwanza lina nguvu mwaka mzima, na rangi hubaki ya kudumu. Kaskazini ya mbali dai la pili ndilo lenye nguvu, na rangi hupungua. Katika nchi za kati, zenye kiangazi cha jua kali na baridi ya kiza, uwezo mkubwa wa kuiva na kurudi ulijengeka kuwa rangi ya msimu.

Ushahidi mmoja mzuri wa hoja hiyo umetoka jirani kabisa na Nduguti. Mwaka 2012 Martine Luxwolda na wenzake wa Groningen, Uholanzi, walichapisha vipimo vya damu ya Wamasai na Wahadzabe 60. Wastani wa vitamini D ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya kiwango ambacho chini yake madaktari wengi huhesabu upungufu. Watu hao ni weusi, hushinda nje mchana kutwa, na hukwepa jua la moja kwa moja wanapoweza. Ngozi nyeusi katika nchi yake haipungukiwi kitu. Mtanzania huyohuyo akihamia London hukutana na tatizo, na serikali ya Uingereza huwashauri watu wenye asili ya Afrika wafikirie kumeza vidonge vya vitamini D mwaka mzima.

Wilaya ya Mkalama yenyewe ni maktaba ya historia hii. Hapa wapo Wanyiramba na Wanyisanzu wenye lugha za Kibantu, Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wadatoga wenye lugha ya Kiniloti, na Wahadzabe wa Munguli na Kipamba ambao lugha yao haijapata ndugu. Katika mnada mmoja utakutana na mweusi wa kukoza na mwenye rangi ya maji ya kunde, wakipatana bei ya mbuzi. Wengi hudhani kwamba rangi za namna hiyo ziligawanywa kwa bara: weusi Afrika, weupe Ulaya. Mwaka 2017 dhana hiyo ilivunjwa. Sarah Tishkoff wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, pamoja na watafiti wa Afrika akiwemo mwanabiokemia Thomas Nyambo wa Tanzania, walichapisha matokeo ya kupima rangi na vinasaba vya zaidi ya watu 1,500 wa Ethiopia, Tanzania na Botswana. Kipimo kiliwekwa upande wa ndani wa mkono, mahali ambapo jua halijaandika.

Waligundua kwamba aina nyingi za jeni zinazokoza rangi na zinazoipunguza zilikuwepo Afrika kabla hajatokea binadamu wa sasa. Jeni ya SLC24A5 ilikuwa imetambuliwa mwaka 2005 kwa kuchunguza samaki wadogo ambao milia yao ilipauka. Aina yake inayong'arisha ngozi, iliyowaenea Wazungu, ilionekana pia kwa wingi miongoni mwa watu wa Ethiopia na Tanzania wenye lugha za jamii moja na Kiiraqw, ikiwa imerudi Afrika na wahamiaji maelfu ya miaka iliyopita. Namba za vigae vya von Luschan hazikuwa na ngazi yoyote nyuma yake. Kulikuwa na jeni za kale, zikichanganywa na safari za watu na kuchujwa na jua.

Wapo wenzetu ambao mlolongo huu wote umekatika kwao. Mtu mwenye ualbino ana seli za rangi, lakini hazitengenezi melanini ya kutosha. Mwaka 1985 Jeffrey Luande na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 350 wenye ualbino jijini Dar es Salaam, wakikadiria kwamba mmoja kati ya kila watu 1,400 alikuwa na hali hiyo, na kwamba ngozi huanza kuharibika tangu utotoni. Mwaka 1995 Luande na Richard Spritz wa Marekani walionyesha chanzo kwa wagonjwa wengi wa Tanzania: kipande kilichokosekana katika jeni iitwayo OCA2. Upungufu huohuo umeonekana hadi Afrika Kusini, ishara kwamba ulisafiri na wasemaji wa lugha za Kibantu tangu zamani. Yaani ni urithi wa ukoo wetu sote, uliofichika katika watu wengi wenye ngozi nyeusi ambao hawajui kwamba wanaubeba. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 16,477 wenye ualbino nchini. Baadhi ya wenzao walikuwa wameuawa miaka michache kabla, hasa Kanda ya Ziwa, kwa imani za kishirikina ambazo ukweli huu wa jeni unazikanusha neno kwa neno.

Lakini muuaji wao mkubwa ni jua, na huyo anazuilika. Katika muongo wa 2010, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo Hospitali ya KCMC, Moshi, kilianza kutengeneza Kilisun, mafuta ya kujikinga na jua yaliyoandaliwa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mafuta hayo, kofia pana na shati la mikono mirefu hufanya kwa nje kazi ambayo melanini huifanya kwa ndani. Wakati huohuo kuna watu waliozaliwa na kinga kamili wanaolipa fedha kuiondoa kwa mkorogo. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini bado vinauzwa kwa kificho, na anayejichubua huivua ngozi yake kofia iliyogharimu zaidi ya miaka milioni kushonwa.

Historia hii ina madai juu yetu. Mtoto wa darasa la tano Nduguti anastahili kufundishwa kwamba rangi yake ni kazi ya ulinzi, na kwamba rafiki yake mwenye ualbino amekosa chembe hizo za ulinzi na hajakosa utu. Mwalimu anastahili kujua kwamba mtoto huyo asisimamishwe paredi juani wala asipangiwe kufagia uwanja saa sita mchana. Na zahanati ya kijiji inastahili kuwa na mafuta ya kujikinga na jua kwenye rafu ileile yanapokaa madawa mengine ya lazima. Maumbile yalimpa kila mmoja wetu kinga hii bure, isipokuwa wachache. Kinga yao hao wachache ni jukumu letu, na gharama yake ni ndogo mno kulinganisha na maisha ya mtu.